Binti anataka urubani, wakala anataka pesa kabla ya mwisho wa mwezi

*"Mwalimu, salamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mombasa. Kifunguamimba wangu ni msichana wa miaka 18, amemaliza kidato cha nne na kupata B+, hisabati A-. Tangu darasa la sita wimbo wake ni mmoja: urubani. Kuna wakala ametuletea nafasi ya chuo huko Florida, digrii ya miaka minne pamoja na leseni ya kurusha ndege za abiria. Anasema wanaopitia chuo huajiriwa na mashirika makubwa wakiwa na saa 1,000 za kuruka badala ya 1,500, na kwamba tukilipa mwaka wote wa kwanza kabla ya mwisho wa mwezi tutapunguziwa. Babake yuko tayari kuuza ploti yetu ya Mtwapa. Kakangu naye asema tumpeleke chuo cha Embakasi, ni karibu na ni rahisi. Binti anavaa miwani, na ni mfupi. Mashemeji wanasema kazi hii si ya mwanamke atakayetaka kuolewa. Na mimi, nisikufiche, tangu zile ndege mbili zigongane Nairobi sina raha. Je, tuuze ploti? Digrii ni lazima? Na akimaliza, ataajiriwa kweli?"*

Shikamoo mama. Barua yako ina maswali mengi, lakini nikiyachambua naona hofu moja ndiyo mzazi wa mengine yote: ploti itakwenda, miaka itapita, kisha binti atarudi nyumbani na cheti kisichomsaidia mtu. Hofu hiyo ni ya haki. Wapo vijana humu nchini wenye leseni halali za urubani wa biashara ambao riziki yao haihusiani na ndege hata kidogo. Nitakujibu kwa mpangilio ambao ningeufuata kama binti angekuwa wangu. Naanza na jambo la gharama ndogo linaloweza kuifuta safari nzima, na pesa kubwa naziacha nyuma kabisa.

Kwa hiyo ploti isiguswe kwanza. Mpeleke binti kwa daktari.

Si daktari yeyote. Leseni ya biashara inadai cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, na kinatolewa na madaktari walioidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Orodha yao iulizwe kwa mamlaka yenyewe. Atapimwa macho, masikio, moyo na mkojo, na ataulizwa kuhusu kifafa, pumu, kisukari na magonjwa ya akili. Shule nyingi hukuruhusu uanze na cheti cha Daraja la Pili, kinachomtosha rubani wa kujifurahisha, na hapo ndipo familia zinapoumia: mtoto anaruka mwaka mzima, pesa zinaliwa, halafu anapokwenda kupimwa Daraja la Kwanza anaambiwa haiwezekani. Apimwe la Kwanza tangu mwanzo, hata kama shule haijalidai.

Miwani si kizuizi. Kipimo cha kimataifa kinataka kila jicho lifikie 6/9 na yote mawili kwa pamoja 6/6, kwa miwani au bila miwani. Akifikia kwa miwani, cheti chake kitaandikwa kwamba lazima aivae na awe na jozi ya akiba karibu. Kinachoweza kuwashangaza ni rangi. Anafunguliwa kitabu chenye madoa ya rangi na kuambiwa asome tarakimu zilizojificha ndani yake, na asiyeweza kuzisoma huenda hajawahi kujua maisha yake yote kwamba ana tatizo. Huwapata zaidi wavulana, lakini apimwe. Na kwa kuwa ninyi ni watu wa Pwani niguse pia selimundu: anayeugua ugonjwa wenyewe atapata shida kubwa kupewa cheti, ila anayebeba tu chembe hiyo bila kuugua kwa kawaida hazuiwi. Msifiche kitu, maana daktari akija kugundua baadaye kwamba alidanganywa, tatizo linakuwa uongo wala si maradhi tena.

Ufupi nao hauna kipimo katika sheria ya leseni. Kinachotazamwa ni kama miguu inafika kwenye pedali mpaka mwisho na macho yanaona vizuri juu ya dashibodi. Viti vinasogea, mito ipo, na marubani wafupi wamejaa. Baadhi ya mashirika huweka kipimo chao cha urefu yanapotafuta wanafunzi wa kuwasomesha yenyewe, kwa hiyo kama ana shirika fulani moyoni asome tangazo lao.

Mashemeji waambie hivi: duniani wanawake ni takriban asilimia 5 tu ya marubani, na sababu si kwamba wamefungiwa mlango wa ndoa. Mapendekezo ya kimataifa yanamruhusu hata mjamzito asiye na matatizo aendelee kuruka kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26, daktari akiridhika. Ratiba za mashirika ni ngumu kwa mama na kwa baba pia. Hilo waliongee yeye na huyo atakayemuoa, wakati ukifika.

Sasa tuje kwenye digrii, maana hapa ndipo wakala amechanganya mambo, na sidhani amechanganya kwa bahati mbaya.

Anayekuruhusu kurusha ndege kwa malipo si chuo bali mamlaka ya anga, na mamlaka haiulizi digrii. Inauliza umri, cheti cha afya, mitihani ya nadharia, Kiingereza cha angalau kiwango cha 4 katika ngazi za kimataifa, saa za kuruka zilizoandikwa kwenye logibuku, yaani daftari la safari za rubani, na mtihani wa kuruka mbele ya mkaguzi. Ngazi ya kwanza ni leseni ya rubani binafsi, PPL, inayotaka angalau saa 40 na umri wa miaka 17. Ya pili ni CPL, leseni ya biashara, kwa miaka 18 na saa 200, ambazo zinaweza kushuka hadi 150 ikiwa mafunzo yote yamefanyika kwa mfululizo ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Juu yake huongezwa kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani ndani ya mawingu bila kuona nje, na kibali cha ndege za injini mbili. Bila hivyo viwili CPL hufungua milango michache. Ngazi ya juu ni ATPL, saa 1,500 na umri wa miaka 21, ambayo humwezesha mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa. Mtoto anaweza kuzipanda ngazi zote hizi bila kuwahi kuvaa joho la mahafali.

Chuo cha Embakasi alichokitaja kakako, East African School of Aviation, ni chuo cha maana, lakini kinajulikana kwa kufundisha waongozaji ndege, wapangaji wa safari za ndege, watu wa usalama wa viwanja na wahudumu. Anayetaka kukaa kwenye kiti cha rubani huenda kwenye shule za kurusha ndege, nyingi zikiwa uwanja mdogo wa Wilson, Nairobi. Jina la chuo hicho pia hufupishwa EASA, herufi zile zile za mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, na nimeshaona matangazo ya mtandaoni yanayochezea mkanganyiko huo. Mtu akiwaambia cheti chake ni cha "EASA", aulizwe ni EASA ipi.

Hizo saa 1,000 zipo kweli, ila ni sheria ya Marekani kwa mashirika ya Marekani. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air aina ya Dash 8 ilianguka karibu na Buffalo, New York, watu 50 wakafa. Bunge lao likapitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa ndege ya abiria anatakiwa awe na saa 1,500. Marubani wote wawili wa ndege ile, nikuambie pembeni, walikuwa na zaidi ya saa 2,000 kila mmoja, ndiyo sababu mjadala kuhusu sheria hiyo haujaisha mpaka leo. Vyuo vikuu vilipewa nafuu. Aliyehitimu digrii yenye masomo ya kutosha ya anga, na akapata leseni ya biashara na kibali cha vyombo katika mpango ulioidhinishwa wa chuo hicho hicho, anaruhusiwa na saa 1,000. Diploma ya miaka miwili inampa 1,250. Nafuu hiyo haivuki bahari. Akirudi Kenya, KCAA itamhesabia 1,500 kwa ATPL kama mtu mwingine yeyote.

Na ili nafuu hiyo imfae hukohuko, lazima awe na haki ya kufanya kazi Marekani, jambo ambalo digrii haimpi. Hapa kuna swali moja ambalo wakala lazima alijibu kwa maandishi: chuo kitamwombea visa ya F-1 au ya M-1? M-1 ni ya mafunzo ya ufundi. Mwenye nayo hafanyi kazi akiwa anasoma, na akimaliza anaruhusiwa muda mfupi wa mazoezi, usiozidi miezi sita. F-1 ni ya mwanafunzi wa chuo kikuu, nayo hufungua mlango wa miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yake baada ya kuhitimu. Akiwa tayari ana leseni ya ualimu wa urubani, katika miezi hiyo anaweza kufundisha kwa mshahara na kujiongezea mamia ya saa. Hiyo ndiyo faida kubwa ya chuo cha Marekani kwa mtoto wa Kenya, na ajabu ni kwamba mawakala huwa hawaitaji. Wanauza hizo saa 1,000 kwa sababu zinasikika vizuri.

Bei yake sasa. Ukijumlisha karo ya mwanafunzi wa kigeni, malazi, bima na kuruka kwenyewe, miaka minne huvuka dola 150,000 bila shida. Kwa dola moja kwa shilingi 130, hizo ni karibu milioni 20. Kupata leseni zile zile hapa nyumbani, pamoja na injini mbili na vyombo, ni sehemu ndogo ya hizo. Afrika Kusini iko katikati, na Wakenya wengi wamepita huko. Pia Soroti, Uganda, pana shule iliyoanzishwa 1971 na ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika. Imepitia misukosuko mingi, lakini bado si vibaya kuulizia nafasi.

Lakini mama, bei iliyoandikwa kwenye kijitabu cha shule si bei utakayolipa. Elewa jinsi saa inavyohesabiwa. Ndani ya ndege ya mafunzo mna mita ndogo, na mara nyingi huanza kusoma injini inapowaka, si magurudumu yanapoiacha ardhi. Fika Wilson siku ya kazi saa mbili asubuhi uone. Cessna 172 ya mwanafunzi, ndege ndogo ya mafunzo, iko nyuma ya ndege za abiria, Caravan mbili za Mara na Dash 8 ya Lamu, zote zinangoja ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege, propela inazunguka na mita inatembea. Dakika kumi na tano za foleni kwenda, tano kurudi, na katika saa moja uliyolipia mtoto amejifunza dakika arobaini. Kiwanja kidogo kisicho na msongamano, kama Orly kule Kajiado, hukuokolea hizo. Kwa upande mwingine, anayejifunza Wilson anazoea mapema kuongea na mnara wenye shughuli nyingi, na sauti yake redioni haitetemeki akienda popote. Mimi ningependa aonje kote kuwili.

Wilson pia iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo Cessna ambayo Mombasa ingeruka ikicheka, Nairobi huinuka kwa kusuasua, hasa adhuhuri jua likishapasha hewa. Kwa mwanafunzi hiyo ni shule bora kuliko Florida, ambako ardhi ni tambarare na karibu sawa na bahari. Aliyejifunzia juu huzoea kufungua majedwali ya ndege na kupiga hesabu ya urefu wa kiwanja kabla ya kuondoka. Aliyejifunzia chini hufundishwa upya akirudi.

Kinachopandisha bei kuliko yote ni kukaa bila kuruka. Ustadi wa mikono ni kama juzuu isiyodurusiwa: mwanafunzi anayeruka mara tatu au nne kwa wiki anaendelea mbele, anayeruka mara moja kwa wiki mbili hutumia nusu ya somo kukumbuka la nyuma, na anailipia. Kwa nini akae? Kwa sababu shule imesajili wengi kuliko ndege zake. Chukua kalamu. Wanafunzi 40 wanaotafuta saa 200 kila mmoja ni saa 8,000. Ndege moja ikifanya kazi vizuri, saa nne kwa siku, siku 25 kwa mwezi, inatoa saa 100. Kama shule ina ndege mbili zinazoruka, hizo ni saa 200 kwa mwezi. Gawanya: miezi 40, wakati kijitabu kinasema 18. Saa chache zitafanyika kwenye simuleta, mashine ya kuigiza kuruka, ni kweli, lakini hujaondoa mvua za masika, mawingu ya chini ya asubuhi za Julai Nairobi, wala siku ambazo ndege iko hanga, yaani kwenye banda la matengenezo, maana hubadilishwa oili kila saa 50 hivi na kukaguliwa kwa kina kila saa 100.

Kwa hiyo ukienda kuitembelea shule, hapa au ng'ambo, usishughulike sana na vigae vya ofisi. Ingia hanga uhesabu ndege zenye injini na propela mahali pake. Uliza ngapi ziliruka jana. Kisha, na hili ndilo la maana kuliko yote, wapate wanafunzi wenyewe wakati wa chakula cha mchana, mbali na mkurugenzi, uwaulize: ulianza lini, una saa ngapi leo? Kijana aliyeanza miaka miwili iliyopita akikwambia ana saa 70, umeshapata jibu lako wala huhitaji kuuliza lingine. Na umwombe mmoja akuonyeshe logibuku lake, wengi hufurahi kulionyesha.

Kuhusu ajali uliyoitaja. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria iliyokuwa ikienda Diani ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki, Dash 8 ikarudi na watu wake wote salama. Sitakudanganya kwamba hatari haipo. Anga ya Wilson ina ndege za wanafunzi na za abiria zikipita karibu karibu, na hilo limejadiliwa miaka mingi. Kuna maswali ambayo mzazi ana haki ya kuyauliza, na shule nzuri huyajibu bila kununa: ndege zenu zina transponda, vifaa vinavyoitambulisha ndege kwenye rada, zinazofanya kazi? Mna kifaa cha kuonyesha ndege nyingine zilizo karibu? Eneo lenu la mazoezi liko wapi, na mnaliendea kwa njia gani? Mwanafunzi wenu wa mwisho kurudishwa chini kwa sababu ya hali ya hewa ilikuwa lini? Akijibu "hatujawahi kumrudisha mtu", mshukuru kwa chai uondoke.

Sasa lile swali lako la mwisho, ambalo mimi ningelifanya la kwanza: ataajiriwa?

Akimaliza CPL atakuwa na saa 200 na kidogo. Kisheria ni rubani wa biashara. Sokoni bado hajaiva, na anayeamua hivyo mara nyingi si shirika la ndege, ni bima yake. Kampuni ya bima huandika kwenye mkataba saa ambazo rubani wa ndege fulani lazima awe nazo, kwa jumla na kwa aina hiyo ya ndege. Chukua Caravan, ile ndege ya propela moja inayobeba watalii kumi na wawili hivi kwenda Mara. Kapteni wake anaweza kutua Keekorok, kisha Ol Kiombo, kisha Musiara, asubuhi moja, kwenye viwanja vya changarawe, mara nyingine akipita chini kwanza kuwafukuza pundamilia. Hakuna bima itakayomkabidhi ndege hiyo mtu wa saa 200. Kwa hiyo kati ya saa 200 na kazi ya kwanza ya maana kuna pengo, na pengo hilo ndilo linalowameza vijana. Wazazi huwa wamebajeti mpaka siku ya kupokea leseni, wakadhani wamefika.

Linavukwa kwa njia chache. Ya kwanza ni ualimu: anaongeza kibali cha kufundisha, anaruka na wanafunzi, analipwa kidogo, saa zinapanda. Binafsi naipenda njia hii kwa sababu hakuna kinachomfundisha mtu kuruka kama kumtazama mwingine akikosea. Ya pili ni kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye Caravan au ndege ndogo za mizigo na misaada zinazotoka Wilson kwenda Sudan Kusini na Somalia. Kazi hizo hupatikana kwa kujulikana, kwa kuwa pale kiwanjani kila siku, kwa kukubali kusaidia ofisini na kupanga mizigo miezi kadhaa kabla hujagusa usukani. Ni njia yenye vumbi, na mtoto aliyesoma mbali miaka minne hukuta wenzake wa hapa wamemtangulia kwa sura na majina. Ya tatu ni shirika kubwa kumchukua mwenyewe na kumfundisha. Inatokea, lakini ni vipindi, na nafasi ni chache. Ndege moja inayoruka kutwa huhitaji takriban jozi tano za marubani, watu kumi, kwa hiyo hata shirika likitangaza ndege mpya tatu kwa mbwembwe, hesabu nafasi thelathini, na zaidi ya nusu zitawaendea wenye uzoefu. Mara nyingine shirika humtaka kijana ajilipie pia mafunzo ya aina ya ndege atakayoirusha, na hayo ni maelfu mengi ya dola peke yake. Ndugu zenu wakiwapigia simu wakisema wana mtu ndani atakayemwingiza, msiuze kitu kwa ajili ya simu hiyo.

Je, digrii basi ni bure? Hapana. Baadhi ya mashirika huitaja kwenye matangazo, na mwenye nayo akishindania nafasi moja na asiyekuwa nayo inaweza kumsaidia. Faida yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni nyingine: cheti cha afya cha Daraja la Kwanza huhuishwa kila miezi 12, na siku yoyote moyo, sikio au kisukari vinaweza kukufungia. Rubani wa miaka 35 aliyepoteza cheti na hana elimu nyingine yuko mahali pabaya. Ila kwa bima hiyo, digrii ya uhasibu, uhandisi au takwimu inamkinga vizuri kuliko digrii ya urubani, ambayo imejaa mambo yale yale yanayopotea cheti kikipotea. Anaweza kuisoma hapa nchini, hata kwa masomo ya jioni, huku akiruka.

Kama ningekuwa nimekaa nanyi sebuleni ningeshauri hivi. Cheti cha Daraja la Kwanza kwanza. Kikitoka, alipiwe somo moja la kuonja, nusu saa na mwalimu, tuone kama anashuka akitabasamu au ametapika na hataki kurudi. Kutapika mara ya kwanza si neno, kutotaka kurudi ndilo neno. Kisha afanye PPL hapa hapa, kwa pesa za kuchanga, bila kuuza ardhi. Katika hizo saa 40 na ushee mtamjua: anaamka alfajiri mwenyewe? Anasoma hali ya hewa bila kusukumwa? Anaweza kugawanya kichwani? Mfano mdogo: ndege iko futi 10,000 na inatakiwa kushuka hadi 1,000. Ni futi elfu 9 za kushuka: unazidisha 9 kwa 3, unajua uanze kushuka maili 27 kabla. Hisabati ya urubani karibu yote ni ya namna hiyo, na mwenye A- haina la kumtisha. Kinachowashinda wengi ni kuifanya huku redio inaita.

Akifika hapo, Florida haijakimbia. PPL ya hapa haimwondolei ile nafuu ya saa 1,000, kwa sababu inayodaiwa ifanyike chuoni ni leseni ya biashara na kibali cha vyombo, ingawa vyuo vingine vitamtaka arudie baadhi ya masomo. Na kama familia inaweza kulipa milioni 20 pasipo kubaki bila paa, na visa ni F-1, na chuo kimethibitisha kwa maandishi kwamba wahitimu wa kigeni huajiriwa kama walimu hapo chuoni, basi sitawazuia. Ni elimu nzuri. Ahakikishe tu anarudi na saa 200 kamili au zaidi kwenye logibuku, maana kozi zilizoidhinishwa za Marekani huweza kumaliza CPL kwa saa 190. KCAA itaihakiki leseni yake kwa waliompa, na itamtaka apite mitihani kabla ya kumpa ya Kenya, kwa hiyo miezi hiyo nayo iwekwe kwenye hesabu. Kwa kuuza ploti pekee mliyo nayo, bila cheti cha afya, kwa mtoto ambaye hajawahi kushika usukani, jibu langu ni hapana.

Malipo: popote atakaposoma, lipeni kwa vipande, kwa saa zilizorukwa au kwa hatua. Punguzo la kulipa mwaka mzima huwa ni mkopo ambao ninyi mnaikopesha shule. Februari 2008 Silver State Helicopters, kampuni ya Nevada iliyofundisha urubani wa helikopta kote Marekani, ilifunga milango kwa siku moja, na wanafunzi zaidi ya 2,000 wakabaki na madeni bila leseni. Marekani, mama, penye sheria zote hizo.

Kuna mambo ambayo mimi kwa barua siwezi kuwamalizia. La afya ni la daktari wa anga, ana kwa ana, hasa kama kuna historia yoyote ya kuzimia au kifafa katika familia. Uhalali wa shule ya hapa uulizwe KCAA, kwa jina lake lililosajiliwa, na mwombe kuona cheti cha idhini ambacho hakijaisha muda. Mkataba wa chuo na hati ya ploti apitie wakili, wala asiwe wakili aliyeletwa na wakala. Na mambo ya visa yaulizwe ubalozi wenyewe, kwa sababu masharti hubadilika na wakala hatakurudishia nauli yakibadilika. Wageni wanaokwenda kujifunza kurusha ndege Marekani huchunguzwa pia na idara yao ya usalama wa usafiri kabla ya kuanza, kwa hiyo msikate tiketi mapema.

Wiki hii mwandikieni wakala mumwombe vitu vitatu kutoka anwani ya barua pepe ya chuo chenyewe: aina ya visa, idadi ya ndege na wanafunzi wa kuruka walioko sasa, na utaratibu wa kurudishiwa pesa binti asipopata visa au cheti cha afya. Vikija, nitumieni tuvisome pamoja. Akiwapigia simu tu kuwakumbusha kwamba mwezi unaisha, mwacheni mwezi uishe.